Visweta vya Ushuhuda

Katibu wa kikundi chetu cha akina mama ameniuliza tena. Safari hii ameniuliza mbele ya wenzangu, baada ya sala ya kufunga, huku anatengeneza kanga yake kana kwamba ni jambo dogo tu: "Mama, kile kisweta cha manjano hakijapatikana?" Nikamjibu bado nakitafuta. Huo ni uongo. Sikitafuti. Najua kiko wapi, yeye anajua kiko wapi, na kila mama aliyekuwa Makambako siku ile anajua. Lakini tumekaa tunaulizana kama watu waliopoteza kijiko.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyetufahamu atadhani tunagombania uzi.

Mimi nauza viazi Njombe mjini, huku mtaa wa Ramadhani. Viazi vinashuka na Fuso kutoka Makete, napokea magunia asubuhi, nawauzia wenye migahawa na wachuuzi wadogo. Kazi hiyo imenipa sauti. Ukija kwangu na bei ya kunionea, mtaa mzima utajua. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba alinioa ili asihangaike kununua redio. Basi akina mama wa usharika wetu wa Kilutheri walipoanza kutoa ushuhuda wa hadharani wa kutetea uhai wa watoto ambao hawajazaliwa, hawakusumbuka kutafuta msemaji. Walinikabidhi kipaza sauti cha mkononi, kile chenye kitufe pembeni, wakasema mama, kazi ni yako.

Ushuhuda tuliupeleka Makambako. Pale ni njia panda. Malori ya Songea, ya Mbeya na ya Dar yanakutana, watu wanashuka, wanalala, wanaondoka. Kuna mabinti wengi wanaofanya kazi kwenye migahawa na nyumba za wageni, na wakipata matatizo wanayapata wakiwa mbali na mama zao. Tukasema tuwafuate huko huko.

Wazo la visweta alilitoa mama mmoja mzee, mzaliwa wa Iwawa, kule juu Makete, ambako bibi huanza kufuma kabla mjukuu hajazaliwa kwa sababu ya baridi. Alisema, "Mtoto wa kwetu kitu cha kwanza anachoandaliwa ni kisweta. Basi tuwafumie hao ambao hawakufika. Tutundike kwenye kamba, wapita njia waone visweta visivyo na watoto." Baadhi ya akina mama wakafuta machozi. Tukafuma msimu wote wa baridi, vyeupe, vya waridi, vya bluu, vya manjano. Wapo waliofuma huku wanalia, na sababu zao hatukuulizana. Mchungaji akaviombea. Tangu hapo vikaitwa visweta vya ushuhuda, na mimi nikafanywa mtunzaji wake. Vikakaa chumbani kwangu juu ya sanduku, ndani ya gunia jeupe jipya, pamoja na kamba na kikapu cha vibanio.

Niseme wazi, sitaki mtu asome hapa akadhani najuta kusimama pale. Mtoto aliye tumboni ni mtoto. Nililiamini hilo na naliamini. Siku ya ushuhuda wa kwanza upepo wa Makambako, ambao hauna adabu, ulivipiga visweta vyote kwa pamoja, mikono midogo ikawa inarukaruka, na wapagazi wa sokoni wakatua mizigo wakatazama. Nikawasha kipaza. Niliwaambia mabinti: "Usitoe mimba kwa kuogopa watu. Watu ndio sisi. Njoo kwetu, hutaibeba peke yako." Maneno hayo hakuniandikia mtu, niliyatoa mwenyewe.

Kwaya ya vijana ilikuja nasi kuimba. Mmoja wao alikuwa mpangaji wangu, binti aliyetoka Ludewa, jirani na Mchuchuma, ambako watu wanasubiri mgodi wa makaa ya mawe huku wanalima mahindi yao. Yeye alichoka kusubiri, akaja Njombe kusuka nywele saluni. Chumba chake kiko uani kwangu, mlango wake unatazamana na jiko langu. Alikuwa binti mpole, ila ule upole wa mtu anayekutazama usoni mpaka wewe uanze kujikagua.

Wiki ile ile ya ushuhuda alikuja jikoni nikiwa namenya viazi. "Kamwene, mama," akanisalimu kwa Kibena chake alichojifunzia mjini, akavuta kigoda, akakaa, kanga ameikusanyia tumboni. Nikajua. Kisha akasema mwenyewe. Aliyempa mimba ni dereva wa lori anayepita Makambako. Siku ile ya ushuhuda walikutana nyuma ya stendi, akampa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akamwambia amalize hiyo shida, akapanda lori lake. Binti aliimba nyimbo zote za siku ile vidonge vikiwa mfukoni.

"Nilitaka nivimeze nikifika nyumbani," aliniambia. "Halafu wewe ukasema njoo kwetu."

Nilimkumbatia na maganda mikononi. Nikamwambia hutabeba peke yako, mwanangu, sisi ndio mama zako. Vile vidonge tukavitupa motoni, hapo hapo jikoni, tukaomba wote wawili. Jamani, nilifurahi kama mtu aliyefukua shina moja la viazi akajaza debe. Kwenye kikao cha akina mama nikasimulia bila kutaja jina, nikijua fika kwamba kila mmoja alikuwa anapitisha mabinti wote wa kwaya kichwani mwake. Wakasema haleluya, nikakaa chini nimejaa.

Sasa hapa ndipo pagumu kwangu.

Kwetu binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa. Hafukuzwi, anaendelea kuja kanisani. Ila anatoka kwaya, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, haendi mezani kwa Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika atubu na kurudishwa kundini. Na mtoto wake habatizwi mpaka mama arudi. Ni utaratibu tuliokulia, bibi zetu waliupitia, tumeuzoea. Anayepeleka jina kwenye baraza la wazee ni mzee wa kanisa wa eneo lile. Na kwa upande wetu wa Ramadhani mzee wa kanisa ni mimi.

Nilikaa nalo moyoni mpaka tumbo lake likaanza kulisukuma joho la kwaya. Nikajipa sababu. Nisipolipeleka mimi atalipeleka mwingine, na watasema nimemficha kwa kuwa ni mpangaji wangu. Nikajiambia ni upendo, kumrekebisha mtu ni upendo. Yote hayo ni maneno. Niliogopa kusemwa, basi. Mimi niliyewaambia mabinti wa Makambako wasiogope watu, niliogopa wazee wenzangu tunaokunywa nao chai. Nikalitaja jina. Hakuna aliyebisha, wakapita kwenye ajenda ya bati la nyumba ya mchungaji.

Uamuzi nilimpelekea mimi mwenyewe. Alikuwa anaanika nguo uani. Alisikiliza, akabana nguo aliyoishika, akaniuliza, "Mama, kama ningevimeza vile vidonge, baraza lingejua?"

"Lisingejua."

"Kwa hiyo Jumapili ningeimba."

Nikamwambia asinijibu hivyo, mimi si rika lake. Akaingia ndani, akatoka na joho la kwaya, akalikunja vizuri, akanipa nilirudishe.

Alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa sita, salama kabisa, wakati baridi ya Njombe imeshika kweli kweli. Kwetu mama akijifungua wenzake wanamwendea kwa pamoja. Tunabeba sukari, sabuni, unga wa ulezi, kitenge, tunaimba kuanzia barabarani mpaka majirani wanatoka nje. Kwa aliyetengwa hatuendi. Hakuna aliyekataza, ila hakuna anayeanzisha wimbo. Mimi nilivuka ua na chupa ya uji nimeificha chini ya kanga. Ni ua wangu, ni mchana kweupe, na bado nilitazama huku na huku kama jirani ananiona. Hebu fikiria mtu mzima kama mimi.

Nilimkuta mtoto amefungiwa ndani ya sweta la mama yake, sweta la kijani la shule, mikono ya sweta imezungushwa na kufungwa fundo kifuani. Pua ilikuwa inamtoka. Asubuhi hiyo sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeshuka nyeupe mpaka ikaunguza majani ya viazi kwenye bustani yangu. Binti akanikaribisha, akanipa mtoto nimpakate. Alikuwa mwepesi, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikarudi chumbani kwangu, nikafungua lile gunia. Niliingiza mkono, nikashika kisweta kimoja, sikukitazama hata rangi. Kilikuwa laini. Na nikakiachia. Niliwaza kwamba vimeombewa. Niliwaza katibu alivihesabu tuliporudi Makambako, akivihesabu tena nitamwambia nini. Niliwaza mtoto atakicheulia, ushuhuda ujao tutakitundikaje na doa. Nikafunga gunia kwa kamba yake. Nimefanya mengi ya kuombea msamaha maishani, nimewatukana madalali, nimewahi kuchanganya viazi vibovu chini ya vizuri, lakini nikifumba macho nisali ninachokiona ni mkono wangu unatoka mtupu kwenye lile gunia.

Mtoto akaugua kifua. Nilikuwa namsikia anakohoa nikiwa jikoni, kikohozi kidogo kikavu, kila nikinyanyua sufuria nakisikia. Nikaita bodaboda iwapeleke zahanati, nikawasindikiza. Alipona, namshukuru Mungu. Mama yake alinishukuru kwa ile bodaboda, na nakumbuka nilikasirika aliponishukuru, nikamwambia aache maneno mengi.

Alipotaka mtoto abatizwe, nikamweleza kile alichokuwa anakijua: simama kwanza, utubu, upokelewe. Akasema hana neno, atasimama na kutubu kulala na mwanamume asiye mume wake. Hilo alikosa, na Mungu ameshamwambia.

"Lakini pale mbele hawasomi hivyo, mama," akasema. "Nimesikia wenzangu wakisomewa. Wanasoma kwamba amepata mimba. Mimi mimba siitubu. Wewe ndiye uliyeniambia niilee."

Niliyapeleka maneno hayo kwenye baraza, na baraza likaona ana kiburi. Mzee mmoja alisema tumpe muda, njaa ya meza ya Bwana itamrudisha. Mimi nilikuwemo kwenye kikao hicho, na mtu mwenye sauti yangu angeweza kuwanyamazisha wote. Nilikunywa chai yangu yote.

Mwezi wa kumi ukafika, tukaanza maandalizi ya ushuhuda mwingine. Mwenyekiti wa akina mama akasema watu wa Makambako wameshaviona visweta, mwaka huu tuwaonyeshe ushuhuda ulio hai. Wote wakanigeukia. "Yule binti yako," mwenyekiti akasema. Kwenye baraza alikuwa binti wa Ludewa. Siku hiyo akawa binti yangu.

Nikamwendea. Alikuwa ameketi kizingitini ananyonyesha. Nilimweleza kwa kuremba: utaokoa wengine, hutakuwa na haja ya kusema mengi, waone tu huyu mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitasimama wapi?"

"Mbele, pamoja na mimi."

"Mbele," akasema, kama anajaribu kuona neno hilo linakaaje mdomoni. Akamhamishia mtoto titi la pili. "Haya, nitakuja."

Mwenzenu nikarudi ndani naimba. Nikadhani yamekwisha. Kabla ya safari mwenyekiti akanivuta pembeni, akanikumbusha kwa upole kwamba yule bado hajarudi kundini, kwa hiyo asivae kitenge chetu cha sare wala asisimame kwenye mstari wetu. Akae kando, tumwite, aseme, arudi kando. Nikasema sawa. Mwaka huo wote nilikuwa mtu wa kusema sawa.

Tukafika Makambako, tukafunga kamba kwenye nguzo mbili za uwanja ulio karibu na soko, tukatundika visweta. Upepo ulikuwa mkali hata turubai za wauza mitumba zilikuwa zinapiga kelele. Sisi na sare zetu tukapanga mstari. Yeye alisimama kando, chini ya ukuta wa duka la nondo, mtoto mgongoni, mguu mmoja umetokeza kwenye mbeleko bila soksi.

Nilizungumza vizuri siku hiyo, na hilo linaniuma. Wapagazi walitulia. Mama ntilie mmoja aliacha sufuria zake akaja na mwiko mkononi, akawa analia waziwazi. Nikawaonyesha visweta, nikasema hivi vyote wenyewe hawakuja. Nikasema lakini yupo mmoja aliyekuja, kwa sababu mama yake alisikia maneno haya haya tunayowaambia ninyi leo, hapa hapa. Nikamwita.

Alikuja taratibu. Nikamnyooshea kipaza, hakukipokea. Akanipita. Akaenda kwenye kamba, akamfungua mtoto mgongoni, akamweka kwenye nyonga, na kwa mkono wake mwingine akaanza kuvishika visweta kimoja baada ya kingine kama anachagua mtumba gulioni. Akachukua cheupe, akakipima kifuani kwa mtoto. Kidogo. Akajaribu cha waridi. Kidogo nacho. Vyote tulivifuma vya watoto wachanga, na huyu uchanga wake alishaumaliza ndani ya sweta la shule. Akafika kwenye cha manjano, ambacho aliyekifuma alikosea vipimo na sisi tukamcheka msimu mzima. Akakitoa kwenye kamba, vile vibanio akavishika kwa meno, akamvisha mwanawe mkono wa kulia, halafu wa kushoto, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Kilimkaa vizuri.

Watu wakapiga makofi. Walidhani tumepanga hivyo. Nyuma yangu, kwenye mstari wa sare, hakuna aliyepiga. Sikugeuka, maana nilijua wanawaza nini. Na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho, kwamba vile si vya kugawa.

Akarudi mpaka niliposimama, akatoa vibanio mdomoni, akaniwekea kiganjani. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, ningejua la kufanya na mtu mwenye hasira. Aliniuliza kwa adabu, kama anayeuliza bei ya viazi:

"Mama, hiki nakirudisha leo, au nikilete Jumapili kule nyuma ninapokaa?"

Kipaza nilikuwa nimekishika kifuani na kilikuwa kinawaka. Swali lake likasikika soko zima. Wapagazi wakanitazama, yule mama ntilie mwenye mwiko akanitazama, mtoto naye alikuwa ananitazama na shingo yake ya manjano. Walikuwa wanasubiri jibu langu, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa nawapa majibu.

Jibu nilikuwa nalo, tena fupi. Lakini kidole changu kilikwenda pembeni mwa kipaza, kikatafuta kitufe, kikakibonyeza. Nikakiweka kipaza sikioni kuhakikisha kimezimika. Ndipo nikainama karibu naye nikamwambia ni chako, mwanangu, kwa sauti ambayo hata mwanawe sidhani kama aliisikia.